Mama Hataki Kununuliwa Khanga

Haya, nimeshindwa. Tangu nirudi, kila anayeniletea kitambaa anaanza na swali lilelile: "Mama Rehema, huko Geita kulikuwaje?" Mwenye haraka nimempa mkia wa habari, mwenye nafasi nimempa kichwa, na sasa nasikia habari yangu imeota miguu, inatembea Shinyanga nzima kuwa eti mama yangu amepigana na mwanawe barabarani. Hakupigana na mtu. Nimeandika yote humu, kituo kwa kituo. Someni kwa zamu, mniache nishone.

Kabla ya kuondoka

Mama yangu, Bi Tatu, wengi wenu mnamjua. Asiyemjua, ni yule bibi mrefu, maji ya kunde, anayefuga kuku nyuma ya msikiti. Asili yake Tabora. Watoto wake ni wawili tu, mimi na mdogo wangu Hamisi, aliyekwenda kwenye machimbo ya dhahabu Geita akiwa hana hata viatu. Huko alianza kwa kuwapondea wenzake mawe. Mungu akamfungulia, akapata duara lake mwenyewe, yaani shimo la kuchimbia, na duara likatema dhahabu.

Basi kila lori lililotoka huko lilimletea mama mzigo: khanga, vitenge, na khanga tena. Na hii ilikuwa miaka ile ya foleni, mnaikumbuka, unaamka alfajiri kwa kipande cha sabuni, na ukifika dirishani unaambiwa khanga ni moja kwa kaya, rangi si shauri lako. Sisi wengine tulikuwa tunavaa viraka. Mama alipokea mizigo ya mwanawe, akamwombea dua, akaiweka sandukuni. Hakuvaa hata moja. Aliendelea na zile khanga zake za zamani zilizopauka mpaka maneno yake hayasomeki.

Hamisi alipokuja Idd akamkuta hivyo, akanyamaza. Idd iliyofuata akamkuta vilevile, akasema, "Mama, fedha yangu unaiona haramu?"

"Sijasema hivyo."

"Basi sema unavyoiona."

Mama akainuka kwenda kutazama sufuria. Hamisi akaondoka kabla pilau haijapakuliwa, na asikanyage tena nyumbani. Alikuwa akinitumia maneno kwa madereva: mwambie mama, siku akizivaa nitakuja. Mama naye: mwambie akija, tutazungumza. Mimi hapo katikati nimegeuzwa posta! Nawaambia ukweli, niliogopa. Mama ni mtu mzima. Niliogopa atafumba macho wakiwa hawasemezani, halafu mimi nibaki na maiti na mdogo wangu asiyeweza kulia.

Mwaka huu vitu vilipoanza kurudi madukani na watu wakaruhusiwa kuuza walichonacho, nilimwambia mama twende Geita tumfuate. Nilitegemea atakataa. Akafunga kibindo chake akasema, "Twende. Lakini masoko yote ya njiani tutapita, na fedha ni yangu, ya kuku wangu. Wewe mdomo wako uache nyumbani."

Samuye, springi ilipokatika

Mdomo nilikwenda nao. Lori letu lilikatika springi hata jua halijachangamka, tukiwa Samuye. Dereva akasema tupumzike kidogo, na ninyi mnaijua kidogo ya dereva. Bahati yetu ilikuwa siku ya mnada. Ng'ombe upande ule, watu upande huu, katikati vumbi.

Mama tangu tupande lori alikuwa analalamika mgongo. Alipouona mnada, mgongo ukapona. Alikwenda moja kwa moja kwa mama mmoja wa Kisukuma aliyepanga vyungu chini ya kivuli cha mkokoteni.

"Mwangaluka, mayu," mama akamwamkia kwa Kisukuma chake cha mjini.

"Mwangaluka."

Ikafuata habari ya nyumbani, ya mifugo, ya mvua. Mama akachukua chungu, akakigonga kwa kidole, akakitegea sikio. "Kizuri. Kasoro mdomo umepinda."

"Haujapinda, mayu. Wewe umesimama upande."

Watu wakacheka. Mama akaletewa kigoda. Yule mama akataja bei, mama akashika kifua kana kwamba amechomwa na mwiba. Akataja yake, yule mama naye akashika kifua. Wakateremka na kupanda hivyo, huku wakila michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kutoka kwenye ungo mmoja, na mimi nimesimama juani. Hatimaye dereva akapiga honi. Mama akasimama, akajikung'uta, akasema, "Nitakuja siku nyingine," akaondoka bila chungu!

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini yule mama wa vyungu wala hakununa, alitukimbilia na michembe ya njiani, akasema, "Usiache kuja, mayu!"

Juu ya lori nikamwambia mama, "Umemchosha mwenzio bure, hukununua kitu."

"Nani kachoka? Nimejua mvua ya huku imenyesha vipi, nimejua binti yake ameolewa Tinde na mkwewe ni mkorofi. Chungu ninacho nyumbani."

Karibu yetu alikuwa amekaa kijana mmoja mwenye miwani mizito, shati amechomekea, jina lake Deo. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na nilipomwuliza anasomea nini akasema anasomea watu na mila zao.

"Watu wanasomewa?" mama akashangaa.

"Ndiyo, bibi. Nataka kujua kwa nini watu hufurahi wakienda kununua. Wewe umefurahi, lakini hukununua."

Mama akamtazama kwa huruma. "Wewe ukienda kumtembelea shangazi yako, unarudi na shangazi?"

Deo alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Kuanzia hapo akawa wetu. Akambebea mama kapu, na mama akamlisha michembe na maswali mpaka tukaingia Kahama.

Nyasubi, na mkaguzi wa bei

Kahama tulikaa kusubiri gari la kwenda mbele. Asubuhi tukala wali wa maharage kwa mama ntilie mmoja pale Nyasubi, wali wa Kahama wenyewe, unanukia kabla haujafika mezani. Nilikula sahani ya kwanza kwa njaa na ya pili kwa adabu, maana mpishi alikuwa ananitazama.

Kisha tukaingia sokoni. Jamani, nilisimama! Miaka yote ile ya rafu tupu, na sasa sabuni za rangi tatu, vioo, vitana, chupa za chai, ndala, mafuta ya nywele. Watu wengi hawakuwa na fedha ya kununua, nawaapia, lakini walikuwa wamejaa. Mwanamke mmoja alikuwa ameshika sabuni ananusa, anairudisha, anachukua nyingine ananusa. Muuzaji wala hamfukuzi. Nikamwelewa kabisa. Kwenye foleni ulikuwa unapewa. Hapa unachagua, hata kama unachagua kwa pua tu.

Deo akaanza kazi yake. Akamsogelea muuza vitana: "Samahani ndugu, hivi unauzaje? Na ulinunua wapi? Na watu wanapenda nini zaidi?"

Shati limechomekewa. Miwani. Maswali ya bei. Mnajua kilichotokea. Kabla hajamaliza kusema, turubai likafunikwa. La jirani likafunikwa. Safu nzima ikafunikwa kama watu wameona mvua, na wauzaji wote wakawa wanatazama mbali wanapiga miluzi. Walikuwa hawajasahau siku za kukamatwa walanguzi. Kijana mmoja alikalia chupa zake za chai akasema hana anachouza, anapumzika tu.

Deo akabaki na mdomo wazi. "Nimekosea nini?"

"Wanakuona mkaguzi," nikamwambia. "Tuondoke, baba, watatupiga."

Mama akasema hatuondoki. Alimshika Deo mkono akamrudisha kwa muuza vitana. "Mwanangu, fungua. Huyu ni mkwe wangu, anataka kitana cha mkewe. Haya Deo, patana."

"Nipatane?"

"Sema bei yako."

Masikini Deo! Muuzaji akataja bei. Deo akafikiri, akataja bei ya juu zaidi, eti asimkandamize mnyonge. Muuza ndala akaanguka chini kwa kicheko, na kicheko kikaenda safu nzima. "Mkaguzi gani huyu!" wakapiga kelele. "Mkaguzi hapatani bei, huyu hata kupatana hajui!" Maturubai yakafunuliwa. Kila mmoja akawa anamwita aje apatane kwake, wakimfundisha: usiseme haraka, kwanza kisifu kidogo, halafu kitie kasoro, halafu ondoka hatua chache. Mpaka tunatoka alikuwa amenunua vitana viwili na hana mke.

"Bibi," akamwambia mama, "wamefurahi kuliko kama ningelipa na kwenda zangu."

"Ungelipa na kwenda zako ungekuwa umewaambia hawana maana," mama akajibu. "Fedha ingewafikia, wewe usingewafikia."

Alisema hivyo bila kumtazama Deo, na mimi nikaona mawazo yake yalikuwa Geita.

Bugarama, mahali pa kusema "funga"

Kutoka Kahama kwenda Bugarama barabara ilitupiga ngumi za mbavu. Tulifika mchana, tukiwa weupe kwa vumbi, watu tunatambuana kwa sauti tu. Huko ni kwa wachimbaji: vibanda vya maturubai na nyasi, muziki wa spika, harufu ya nyama ya kuchoma. Na soko lao, hata la Kahama halioni ndani. Radio za kaseti, saa za mkononi, miavuli, suti. Mtu anauziwa suti porini!

Tulikuwa tunakunywa chai kwenye banda la mama mmoja wa Kisumbwa. Mara wakaja vijana wanne, matope mpaka kwenye kope, wanaimba. Duara lao lilikuwa limetema usiku ule. Mmoja akaonyesha sinia la maandazi: "Funga." Lote! Akaanza kuwagawia watu, hata sisi. Akaenda kibanda cha pili, akaonyesha viatu: "Funga." Akaonyesha mwavuli: "Funga." Hakugusa, hakugeuza, hakuuliza bei. Muuzaji alitaja tu mwisho, na yule akatoa fedha bila kuitazama.

Mama andazi likamkwama. Akamwita yule kijana: "Mwanangu, mbona huulizi bei?"

Mama wa chai akamshika mama bega. "Shii, bi mkubwa! Hapa mchimbaji akitema haulizi bei. Akiuliza, dhahabu inaona anaikamata, inajificha. Fedha ya shimo inataka kutembea. Akianza kubishana juu ya kiatu, kesho shimo linamnyima, au linamwangukia."

"Kila mtu anafanya hivyo?"

"Kila mwenye duara. Hata awe na akili vipi."

Yule kijana mwenyewe akatabasamu, meno meupe katikati ya tope, akampa mama andazi lingine. "Furaha yetu ndiyo hiyo, bibi. Tunakaa chini ya ardhi hatuna hata pumzi. Tukitoka, tunataka mahali ambapo mtu hatuambii ngoja."

Deo alitaka kubaki palepale, maana alisema sasa amepata darasa. Tukaagana naye. Mama alimwombea dua ya mke mwema, kwa kuwa vitana tayari anavyo.

Lakini kutoka pale mama aliitazama barabara ya mbele. Nilimpa muwa, akaushika tu. Tulipokaribia Geita, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe ndivyo alivyonunua za kwangu. Amesema funga."

Mimi nilikuwa nadhani safari inamlainisha, kumbe inamwumiza.

Geita, dukani kwa Mzee Sefu

Hamisi alitupokea vizuri mno, na hapo ndipo nilipoogopa. Mtu wa nyumbani hakupokei vizuri mno. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Nyumba ya matofali, makochi bado yamevikwa nailoni, radio kubwa mithili ya jeneza la mtoto, astaghafirullah. Tulipikiwa sato mkubwa wa nazi, sijui nazi aliipata wapi. Mama na mwanawe wakaulizana habari za mvua kama watu waliokutana stesheni. Hamisi alikuwa amekonda, na alikuwa akikohoa kikohozi kikavu, akitoka nje kila mara ili mama asisikie. Mama akasikia.

Asubuhi Hamisi akasema, "Mama, leo nakupeleka dukani." Nikashukuru Mungu. Nikasema, yameisha.

Duka lenyewe ni la Mzee Sefu, mtu wa Ujiji, mpole, kofia ya kufuma. Khanga zimepangwa mpaka darini. Hamisi akasema kwa furaha, "Mama, chagua. Chochote. Bei usiulize." Kisha akamgeukia kijana wa kaunta: "Atakachogusa, funga."

Mama akanyoosha mkono akapapasa kitenge, ajue uzito wake. Kijana akakichukua, akakikunja, akakifunga kwenye gazeti. Mama akashangaa. Akagusa pindo la khanga nyekundu, alitaka tu kuisoma. Ikafungwa. Akagusa nyingine. Ikafungwa. Basi nikamwona mama yangu anarudisha mikono yake polepole, anaificha ndani ya khanga yake iliyopauka, anabaki amesimama katikati ya duka kama mtoto aliyeambiwa asiguse kitu.

Akatoka nje. Hamisi akamfuata, na ndiyo hiyo mnayoiita vita.

"Mama, nini tena?"

"Za sandukuni ulizinunua hivi hivi?"

"Ndiyo."

"Hukuzizungumza hata kidogo?"

"Mama, kwetu huku haizungumzwi!"

"Basi hukuninunulia mimi, Hamisi. Umelinunua duka, ukalituma Shinyanga. Mimi nimekaa miaka mingapi sijanunua hata chumvi kwa mkono wangu? Kwanza foleni, halafu wewe. Mnanipa tu, mnanipa tu, kama ninayeumwa!"

Watu wakasimama. Hamisi akamsogelea. "Mimi naingia ardhini kwa tumbo, mama. Mahali panya anapoogopa. Nikitoka hai, mtu wa kwanza ninayemkumbuka ni wewe. Nakutumia, unafungia sandukuni. Unataka nifanye nini?"

Hamisi akaondoka na njia yake. Mimi nikakaa kwenye ngazi ya duka nikalia waziwazi, na wala sikujali nani ananiona. Safari yote ile, mbavu zote zile, na sasa ni vibaya kuliko tulivyokuja.

Geita, sokoni

Kesho yake Hamisi alitoka mapema bila kunywa chai. Mama akavaa kandambili zake akaniambia, "Nipeleke sokoni. Nina jambo langu."

Aliinama kwenye rundo la kafa Ulaya. Ninyi mnaziita mitumba, lakini huko bado watu wanasema ni nguo za wazungu waliokufa. Muuzaji alikuwa Msukuma mcheshi, Masanja, anaimba bei kama anacheza ngoma. Mama alipekua rundo zima, kipande kwa kipande, ananyoosha, anatazama juani, anarudisha. Nilikuwa sijamwona hivyo tangu utoto wangu. Alikuwa anaimba chini chini! Mwisho akatoa sweta la sufu, rangi ya majani makavu, zito.

"Mama, hilo la kiume."

"Najua. Hukusikia kikohozi? Anatoka shimoni amelowa, kibaridi cha asubuhi kinamwingia. Ana radio ngapi, sweta hana." Akanionyesha kiwiko. "Wewe fundi, tazama."

Nilitazama. Kiwiko kilikuwa kimetoboka zamani, mtu akakisuka upya kwa uzi uleule, tundu kwa tundu, vizuri mpaka lazima utafute. Mashine haiwezi. Ilikuwa kazi ya jioni nyingi.

"Aliyefanya hivi," mama akasema, "alikuwa na mtu wake."

Akaanza na Masanja. Mnajua mwendo wenyewe: sifa, kasoro, kushika kifua. Masanja akaapa kwa ng'ombe wa baba yake. Mama akasema sweta la marehemu lazima lipunguzwe kwa ajili ya rambirambi. Watu wakajaa, wengine wakawa upande wa mama, wengine upande wa Masanja. Mama uso unang'aa. Walikuwa wanakaribia kukubaliana pale Mzee Sefu alipovuka barabara na birika la kahawa.

"Bi mkubwa, jana ulinikimbia," akasema, akimpa kikombe. "Na mimi nilitaka nikuone siku nyingi. Wewe ndiye maji ya kunde."

"Nini?"

"Kijana wako. Wachimbaji wote wanakuja wanasema funga, wanaondoka, hata yeye kwa vitu vyake. Lakini kwa khanga zako! Ananishushia duka zima. Bei haulizi, mwiko wao, ila rangi ananiuliza mpaka nachoka. 'Mzee, mama yangu ni maji ya kunde, hii itamkaa? Mzee, hii maneno yake si makali kwa mtu mzima?' Asubuhi moja alinifungulisha doti zote nilizonazo, akatoka na moja. Nikamwambia, wewe unatafuta khanga au unatafuta mke?"

Watu waliotuzunguka wakacheka. Mama hakucheka. Alisimama ameshika kikombe kwa mkono mmoja na sweta kwa mkono mwingine, na kahawa ikawa inamwagika hata haoni.

Masanja akasema, "Haya bibi, turudi kazini. Neno lako la mwisho?"

"Funga," mama akasema.

"Aa, mama! Hatujamaliza!"

"Funga, baba, nina haraka."

Masanja alikataa! Nawaapia, alikataa. Alisema hawezi kumdhulumu mama mtu mzima aliyepatana naye asubuhi yote, akashusha bei yeye mwenyewe, akatia soksi za nyongeza, akatufukuza.

Tulimkuta Hamisi amerudi, amekaa uani na mchimbaji mwenzake, chakula cha mchana, wali na sato, kimeandaliwa hakijaguswa. Mama hakusalimu. Alimwekea sweta magotini.

"Nimekununulia."

Hamisi akalikunjua. Mwenzake akakunja uso: "Kafa Ulaya? Kaka, usivae nguo ya marehemu, shimo halipendi."

"Marehemu yupi?" Hamisi akasema. "Hili limenunuliwa na mama yangu." Akalivaa palepale, jua la saa saba, jasho likaanza kumtoka kwenye paji. Yule mwenzake akaaga kwa adabu, akatuacha. Hamisi akapapasa kile kiwiko, kisha akauliza kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu alipokuwa mdogo, "Ulimshusha sana?"

"Sikumaliza. Nilisema funga."

Hamisi akaanza kucheka, kikohozi kikaingilia, akacheka tena. Mama akajisogeza akaketi naye kwenye mkeka.

"Hamisi, ile ya zambarau. Yenye korosho kwenye pindo. Kwa nini uliniletea zambarau?"

Kicheko kikakatika. "Unaijua ile?"

"Na ya kijani yenye vikombe. Na ile nyeusi na nyeupe, uliyoileta mwaka wa njaa. Zote nazijua. Kila Ijumaa nikirudi msikitini nazifungua, nazitandika kitandani, najiuliza huyu mtoto aliwaza nini. Nikakosa. Nikaona ukinitumia bila kuwaza, mimi nitavaaje? Sasa niambie. Zambarau?"

Hamisi alijifuta uso kwa mkono wa sweta. "Siku ya harusi ya dada ulivaa zambarau," akasema. "Nilikuwa sijawahi kukuona umependeza vile."

"Na ya kijani?"

Akamwambia ya kijani. Akamwuliza nyeusi na nyeupe, akamwambia. Walikwenda moja moja hivyo, na mama kila moja alikuwa na swali la pili, la tatu, anaitia kasoro kidogo, anaisifu, na mwanawe anajitetea, mpaka wakawa wanabishana kabisa juu ya khanga zilizokuwa mbali Shinyanga. Wali ulipoa. Niliwaita mara mbili, hawakunisikia. Basi nikajipakulia sato wangu nikala peke yangu, machozi yananidondokea sahani nzima, na samaki yule alikuwa mtamu ajabu.